Kiwandani wanataka tufanye siku nne badala ya sita ili asipunguzwe mtu. Wana Tanga, tukubali?

#1 Msokota Singa (mtoa mada)

Habari za usiku wana jukwaa. Mimi ni wa Makorora, nimetimiza miaka tisa kwenye kiwanda cha kusokota kamba za mkonge, jina la kiwanda naomba nilihifadhi. Uzalishaji tupo 84. Oda za nje zimeshuka tangu mwaka uanze, na ghala limejaa marobota mpaka mlango wa nyuma haufunguki. Ijumaa meneja katuita uwanjani, akasema kuna njia mbili tu: ama wapunguzwe watu 28, ama wote 84 tufanye siku nne kwa wiki na mshahara ushuke kwa kiasi hicho hicho. Mimi napokea 240,000, nitabaki na 160,000. Hesabu yake nimeirudia nyumbani, iko sawa. Watu 56 mara siku sita ni 336, na watu 84 mara siku nne ni 336.

Mimi naona siku nne ndiyo njia. Nimesoma kwamba Ujerumani mwaka 2009 uchumi ulianguka vibaya lakini hakuna aliyefukuzwa, kwa sababu walipunguza saa za kazi. Volkswagen nao waliwahi kufanya siku nne na mishahara haikuguswa. Pale mashine namba tatu nasimama na jamaa tuliyeanza naye siku moja, ana watoto wanne. Nikifikiria kwamba nikibaki mimi huenda akaondoka yeye, usingizi haunijii.

Jibu linatakiwa Jumatano ijayo. Nipeni mawazo.

#2 Sauti ya Duga

Msikubali. Mshahara ukishushwa haupandi tena. Nimeyaona.

#3 Mdigo Ughaibuni

Salaam kwenu wa nyumbani. Nipo Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye karakana ya vyuma, na hilo jambo nimelipitia mwenyewe, kwa hiyo nianze kwa kumsahihisha mtoa mada.

Wao wanaiita Kurzarbeit, yaani kazi fupi. Si ya jana, mizizi yake inafika 1910, kwa wachimbaji wa potashi. Si kweli kwamba 2009 hakuna aliyefukuzwa. Wale walioletwa viwandani na mawakala wa kazi ndio waliotoka kwanza, tena wengi. Waliobaki ni wenye mikataba ya kudumu. Uchumi ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka ule, watu zaidi ya milioni moja na laki nne wakapunguziwa saa, na idadi ya wasio na kazi haikupanda sana. Hapo mtoa mada yuko sahihi.

Sasa sikiliza kitu kilichoachwa kwenye hadithi uliyosoma. Mfanyakazi wa huku akipunguziwa saa haachwi mikono mitupu. Kuna mfuko wa bima ya kukosa kazi, yeye na mwajiri wanauchangia kila mwezi. Mfuko huo unamlipa asilimia 60 ya kile alichopoteza baada ya kodi, na kama ana mtoto ni asilimia 67. Aprili 2020 tulikuwa karibu milioni sita kwenye mpango huo. Karakana yetu tulifanya wiki moja kazini, wiki moja nyumbani. Karatasi ya mshahara ilikuja na mstari mpya chini ya mshahara wa kawaida, na mke wangu alikinyooshea kidole kile kiasi akaniuliza, "Hii hela ya kukaa nyumbani ni ya mkopo?" Nikamwambia hapana, ndiyo ile tuliyokuwa tukikatwa miaka yote.

Tuchukue mshahara wako, tuache kodi pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Umepoteza 80,000. Kwa mtindo wa huku ungerudishiwa 48,000, au 53,600 kama una mtoto, ukaenda nyumbani na laki mbili na kitu. Hapo Tanga hiyo 48,000 atailipa nani?

#4 Mama Chai wa Getini

Naomba na mimi niseme, ingawa sijaajiriwa humo. Nauza chai na chapati nje ya geti la kiwanda kimojawapo njia ya kwenda Pongwe. Siku ya kawaida nakanda kilo sita za unga. Mwaka juzi walipopunguza zamu ya usiku nilishuka hadi kilo nne, na binti aliyekuwa ananisaidia kusukuma nikamwambia arudi kwao Maramba. Hakuna aliyeita mkutano kwa ajili yake. Lakini nataka kusema kwamba bora wote waje siku nne kuliko nusu yao wasije kabisa. Anayekuja siku nne bado anakunywa chai, na deni analipa. Aliyefukuzwa anaondoka, daftari langu la madeni linabaki na jina lake.

#5 Wakili wa Mtaani

Nimewahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka saba, nimestaafu. Naomba mtulie hapa, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Meneja hawezi kuamka na kupunguza siku zenu na mshahara peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inasema mambo yaliyoandikwa kwenye mkataba yakibadilika, mwajiri anayabadilisha kwa kushauriana na mfanyakazi na anamjulisha kwa maandishi. Na akichagua kupunguza watu, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa, aweke mezani habari zote zinazohusika, halafu ashauriane nanyi au na chama chenu kuhusu sababu, njia za kuepuka kupunguza, namna ya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo yao. Msipoelewana, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kwa hiyo kupunguza saa ni moja ya yale mnayotakiwa kuyajadili kama njia ya kuepuka kupunguzwa. Si hisani ya bosi.

Na kabla ya kugusa mshahara wa mtu, ulizeni yafuatayo. Je, ovataimu imesimamishwa? Je, watu wamechukua likizo zao? Kila mmoja ana siku 28 za likizo kwa mwaka. Watu 84 wakipangwa kwenda likizo kwa mafungu, hapo mna wiki kadhaa za kupumua bila kukata senti.

#6 Hesabu za Kichwa

Mtoa mada, nikupe upande wa pili ili uone unachokitupa. Ukipunguzwa leo, kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, ukomo miaka kumi. 240,000 gawa kwa 30 ni 8,000. Mara saba ni 56,000. Mara miaka tisa ni 504,000. Ongeza notisi ya siku 28 na likizo ambayo hujachukua.

#7 Wakili wa Mtaani

#6, usigawe kwa 30, kaka. Jedwali la sheria linatumia wiki 4.333 kwa mwezi, na kwa mtu wa siku sita hiyo inakuwa siku 26. 240,000 kwa 26 ni 9,230 na ushei. Mara saba ni 64,615. Kwa miaka tisa ni 581,500 na kitu. Tofauti ya zaidi ya elfu sabini na saba kwa mtu mmoja, na makosa hayo nimeyakuta kwenye barua za waajiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wengi walitia saini bila kukokotoa.

Kisha angalieni mtego uliopo ndani ya siku nne. Kiinua mgongo kinakokotolewa kwa mshahara ulio nao siku unayoondoka. Ukikubali leo kushuka hadi 160,000 kwa maandishi yasiyo na masharti, halafu baada ya miezi mitano kiwanda kikashindwa na kukupunguza, atakayekokotoa ataanza na 160,000. Utakuwa umepoteza mara mbili.

#8 Sauti ya Duga

Sasa mmeona kwa nini nilisema msikubali? Bosi anakwepa kulipa kiinua mgongo cha watu 28. Mkishachoka na 160,000 mtaacha wenyewe mmoja mmoja, na anayeacha mwenyewe anaondoka na nini?

#9 Mgosi wa Muheza

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Mimi nimekulia shamba la mkonge. Baba yangu alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kutoka mbali, akafia hapa. Nyinyi mnazungumza siku nne kama jambo jipya. Kule shambani kulikuwa na kipande. Ni kadi yenye nafasi 30, kila ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, na ulikuwa na siku 42 za kuijaza. Kwa hiyo mtu hakulazimika kufanya kila siku, alikuwa na siku kumi na mbili zake, za kulima mihogo yake au kuugua. Lakini mshahara haukutoka mpaka kipande kijae. Mama alikuwa anakihifadhi ndani ya kopo la chai, amekifunga kwa kitambaa, kama cheti cha ndoa.

Bei ya mkonge ilipoanza kuanguka, zilipokuja kamba za plastiki kutoka Ulaya, sisi tulianza hivyo hivyo mnavyoanza nyinyi. Leo hakuna kukata, korona imesimama. Wiki inayofuata siku tatu. (Kwa vijana: korona kwetu ni kiwanda cha kuchakata mkonge, jina la mashine, kabla ya ugonjwa kuja na jina hilo.) Tuliambiwa ni kwa muda. Nchi hii ilitoa karibu tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, mwaka 1964, ikafika miaka ya tisini inatoa kama tani 20,000. Zile siku tatu hazikuokoa kazi, zilichelewesha tu watu kuondoka. Baba alingoja. Wenzake walioondoka mapema walipata viwanja Ngamiani na kazi bandarini. Yeye alipotoka hakuna aliyekuwa anaajiri.

Kwa hiyo swali langu kwa mtoa mada ni moja. Hizo oda zimepotea au zimechelewa? Maana dawa ya zilizochelewa si dawa ya zilizopotea.

Na mkonge wenyewe, Mjerumani Hindorf alileta miche 62 Pangani mwaka 1893, kazi zote hizi zimetoka kwenye miche 62.

#10 Binti Chumbageni

Shikamoo mzee. Kwa ruhusa yako, Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. 62 ni ile iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe. Nimeipenda sana hiyo ya kopo la chai.

Swali la mzee ndilo wachumi wanaloligombania. Kupunguza saa kunafanya kazi mtikisiko ukiwa wa muda. Kiwanda kinabaki na watu wanaojua mashine, oda zikirudi wanaanza kesho yake. Mtikisiko ukiwa wa kudumu, unawafunga watu mahali pasipo na kesho, kama baba yake mzee wetu. Na mtu anayelipia mpango huo hawezi kujua mapema ni upi kati ya hiyo miwili.

Kuhusu 2009, msidhani Wajerumani waliokolewa na Kurzarbeit peke yake. Wengine wanasema sifa ni ya daftari za saa: mfanyakazi alikuwa ameweka akiba ya saa za ziada wakati wa neema, wakati wa dhiki akazitumia kukaa nyumbani bila mshahara kushuka. Wengine wanasema viwanda vilikuwa vimehangaika kupata mafundi miaka michache kabla, vikaogopa kuwaachia. Wengine wanasema ni bahati, oda za China zilirudi haraka. Mimi naelekea kwenye daftari za saa, lakini sina ugomvi na mwenye kuona vingine.

Volkswagen nayo niiseme vizuri. Ilianza 1994, saa zikashuka kutoka 36 hadi 28.8 kwa wiki ili kuokoa kazi kama 30,000. Bahasha ya kila mwezi ndiyo haikupungua, maana malipo ya Krismasi na ya likizo yaligawanywa na kuingizwa kwenye miezi. Kwa mwaka mzima mtu alipata pungufu. Kwa hiyo mshahara uliguswa, ila uliguswa mahali ambapo mwenye nyumba na muuza duka hawauoni kila tarehe 30. Hiyo ni akili ambayo hata hapa mtu anaweza kuiombea.

#11 Jirani wa Sahare

Hata Uingereza walifanya siku tatu kwa wiki mwaka 1974 kuokoa ajira, na walifaulu.

#12 Binti Chumbageni

Hapana ndugu yangu, ile ilikuwa ya kuokoa umeme. Wachimba makaa ya mawe walikuwa kwenye mgogoro, makaa ya kuzalishia umeme yakapungua, serikali ya waziri mkuu Edward Heath ikaviruhusu viwanda vingi kutumia umeme siku tatu tu, kuanzia Januari hadi Machi. Ya kuokoa ajira kwa Uingereza ni ya 2020 na 2021, serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara wa waliokaa nyumbani, ukomo pauni 2,500 kwa mwezi.

Kama unataka mfano wa kiwanda kimoja kilichoamua chenyewe, chukua Kellogg, watengenezaji wa vyakula vya nafaka huko Battle Creek, Marekani, Desemba 1930. Zamu tatu za saa nane wakazifanya zamu nne za saa sita, wakapata nafasi za watu zaidi, na malipo ya saa wakayapandisha kwa asilimia 12.5 ili maumivu yasiwe ya mfanyakazi peke yake. Idara za mwisho ziliacha saa sita mwaka 1985.

#13 Jirani wa Sahare

Nimeelewa, asante kwa sahihisho.

#14 Mpagazi wa Gati

Nimesoma yote. Mimi ni kibarua. Bandarini naitwa siku meli ikiwapo, siku haipo nalala. Hapo awali meli zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari, sasa gati limechimbwa na meli zinafunga ukutani. Kazi inakwisha haraka zaidi, sawa, ni maendeleo na nayafurahia, lakini siku zangu zimepungua na sijapata barua ya kushauriana na mtu.

Mtoa mada, kwenye kiwanda chenu hakuna vibarua? Hao 84 ni wote?

#15 Msokota Singa

Wakuu nimerudi, na nimeuliza kazini.

Mpagazi, umenigusa. Vibarua wapo, kama ishirini, wanapakia na kufagia vumbi la singa. Hawamo kwenye hesabu ya 84. Wiki iliyopita wameitwa siku mbili tu, na mimi sikuwa nimeona. Mtu unamzoea mtu kwa kumsalimia getini, siku asipokuwapo unadhani amekwenda kwao.

Wakili, ovataimu haijasimamishwa. Idara ya kufungasha wanabaki mpaka saa mbili usiku Jumanne na Alhamisi, kwa sababu mashine moja ya kufunga marobota ni mbovu na inachelewesha. Kwa hiyo huku tunaambiwa kazi hakuna, kule watu wanalipwa moja na nusu. Nimemwonyesha katibu wa tawi, amekaa kimya muda mrefu, halafu ameandika.

Mzee wangu wa Muheza, kuhusu oda kupotea au kuchelewa, meneja anasema wanunuzi wawili wameahirisha na mmoja amehamia kamba za plastiki kabisa. Kwa hiyo ni vyote viwili.

#16 Kaka Pangani

Mimi nilikuwa mpishi wa hoteli ya ufukweni. Aprili 2020 wageni walikatika kama bomba lililofungwa. Mwenye hoteli alituambia tugawane, kila mtu wiki mbili kazini wiki mbili nyumbani, nusu mshahara. Hoteli ya jirani walifunga, wakawaaga wote.

Tuligawana. Nilikuwa napika wali wa watu wanne, wafanyakazi wenyewe. Kilichotuweka hai ni wiki za nyumbani, nilikuwa navua na shemeji yangu. Wageni waliporudi sisi tulifungua jikoni siku ile ile, jirani walihangaika miezi kutafuta watu wanaojua kazi. Hapo Binti Chumbageni ana haki.

Lakini Sauti ya Duga naye ana haki. Nusu mshahara ule uliendelea miezi mitano baada ya vyumba kujaa. Hatukuandikiana mwisho wake. Kila tulipouliza tuliambiwa "msimu haujatulia". Niliacha kwa hilo, na nina uchungu nalo mpaka leo, si kwa sababu ya ile dhiki, ile tulikubaliana, bali kwa ile miezi mitano.

#17 Hesabu za Kichwa

Wakili, nakubali sahihisho la 26. Naongeza kitu kimoja hakijatajwa. NSSF wana fao la kukosa ajira. Kwa aliyechangia miezi 18 na kuendelea, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa 240,000 ni kama 80,000 kwa mwezi. Lakini ni lazima uwe umekosa ajira. Mtu wa siku nne ana ajira, kwa hiyo hapati kitu kwa zile siku mbili. Mfuko unamsubiri aanguke ndipo umshike. Wa kwa Mdigo Ughaibuni unamshika akiwa bado amesimama. Pesa ni ile ile ya michango, tofauti ni saa ya kuitoa. Jambo hili mimi ningependa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na chama cha waajiri walipeleke kwa pamoja, maana linawafaa wote wawili.

#18 Sauti ya Duga

Hapo kwenye mfuko naungana nawe. Lakini mpaka sheria ibadilike, 80,000 inatoka mfukoni kwa Msokota. Ana kodi, ana marejesho. Wale wa mikopo ya kausha damu hawapunguzi siku.

#19 Afisa Mstaafu

Nimefanya utumishi viwandani hapa Tanga tangu enzi ambazo redandansi ilikuwa neno la kila wiki. Nataka kumtetea huyo meneja kidogo, simjui. Msokotaji mzuri humpati kwa mwezi. Singa ikiingia na unyevu inakatika, na anayejua anasikia kwa sauti ya mashine kabla uzi haujakatika. Niliwahi kushiriki kupunguza watu 40 mahali, nikachagua kwa kufuata nani aliingia mwisho. Baada ya mwaka tuliwatafuta. Wawili wako Mombasa, mmoja anaendesha bodaboda na hataki kusikia, wengine simu hazipatikani. Tulitumia pesa nyingi kufundisha wapya kuliko tulizookoa. Kwa hiyo mwajiri naye ana faida kwenye siku nne, na mwenye faida anaweza kuombwa achangie. Muombeni abebe sehemu ya ile 80,000. Hata robo.

#20 Bibi Shamba wa Magoroto

Kwa nini siku nne kila wiki? Fanyeni wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani. Hesabu ni ile ile, siku kumi na mbili kati ya kumi na nane. Mtu mwenye shamba Muheza au Mkinga siku mbili hazimfai, akifika ni jioni, akiamka anarudi. Wiki nzima analima, anachuma machungwa, anaokoa na nauli.

#21 Mama Chai wa Getini

Mwenzangu, hiyo wiki moja kiwanda kizima nyumbani mimi nimekufa.

#22 Bibi Shamba wa Magoroto

Si kizima mpenzi, kwa mafungu matatu. Kila wiki theluthi moja wako nyumbani, theluthi mbili wako kwako. 56 kila siku, siku sita. Kanda kilo nne.

#23 Mama Chai wa Getini

Kilo nne kila siku zinanifaa kuliko sita kwa siku nne. Hapo sawa.

#24 Mgosi wa Muheza

Bibi wa Magoroto kaleta kipande bila kukitaja. Katika wiki sita, siku 12 za kazi zinakuwa za mtu mwenyewe.

#25 Mdigo Ughaibuni

Nakubaliana na mafungu, ndivyo tulivyofanya karakana kwetu. Ila mzee, kwetu muda wa mpango unaandikwa tangu mwanzo. Ukitaka kuuongeza unaomba upya, na unaeleza kwa nini. Kaka Pangani asingepoteza miezi mitano.

#26 Wakili wa Mtaani

Msokota, kwenye karatasi ya makubaliano mwandike tarehe ya kuanza na ya kuisha, miezi mitatu inatosha, kuongeza ni kwa mazungumzo mapya. Mwandike kwamba kiinua mgongo na notisi vitakokotolewa kwa mshahara wa zamani, 240,000, kama mtu akipunguzwa ndani ya kipindi hicho au muda fulani baada yake. Ovataimu ifungwe kwanza, na mashine ya marobota itengenezwe. Na malipo ya saa yasishuke hata kidogo, kinachopungua ni saa. Kima cha chini kimewekwa kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi, atakayekuambia unalipwa "kwa makadirio" mwambie akuonyeshe saa.

Mkitia saini bila hayo, mimi nitakuwa upande wa Sauti ya Duga.

#27 Sauti ya Duga

Na yakiandikwa yote hayo, bado nasema yule mnunuzi aliyehamia plastiki harudi. Siku nne hazitamrudisha. Wenye umri mdogo wachukue kiinua mgongo mapema wakatafute kwingine, Chongoleani kwenye bomba la mafuta, popote. Mzee wa Muheza amesema baba yake alichelewa. Mbona hilo mnalipita?

#28 Binti Chumbageni

Hatulipiti. Ila anayeondoka kwa hiari na anayeondolewa kwa kura ya meneja si mtu mmoja. Ulizeni kwanza nani anataka kuondoka na malipo yake kamili. Huenda wakapatikana kumi, na waliobaki wakafanya siku tano badala ya nne.

#29 Hesabu za Kichwa

Wakiondoka kumi wanabaki 74. 336 gawa kwa 74 ni siku nne na nusu. Si tano, dada. Lakini mshahara wake unakuwa 180,000 na zaidi.

#30 Msokota Singa

Asanteni sana, nimeandika kwenye daftari. Mkutano ni kesho saa nne asubuhi. Usiku huu nimekwenda kwa yule jamaa wa mashine namba tatu, nimemsomea ya Wakili na ya Binti. Kumbe yeye anataka kuondoka na kiinua mgongo, ana kaka Mkinga anayelima. Miezi miwili anaogopa kuniambia. Tumekaa kibarazani mpaka chai ikapoa, na sikujua niseme nini, kwa sababu mimi hoja yangu yote niliijenga juu yake.

Mpagazi, kuhusu vibarua ishirini nimemuuliza katibu. Amesema hawamo kwenye orodha ya wanachama, kwa hiyo hawana nafasi mkutanoni. Nimemwambia nitauliza hata hivyo, mbele ya meneja.

#31 Mpagazi wa Gati

Uliza. Mmoja wao ni mdogo wangu. Kesho hakuna meli, nitakuja nimsubiri getini kwa Mama Chai.

#32 Mama Chai wa Getini

Njoo. Nitakanda kilo sita.